Intarapti za vifaa kwenye kerneli ya kompyuta za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayonifikia kila nikimwambia mtu kwamba naandika kerneli ndogo (kiini cha mfumo endeshi) ya IBM PC na ndugu zake wa zamani, kuanzia zenye CPU ya 8088 mpaka 386. Pale panapowatesa watu wengi nimeandika kwa urefu, pale jibu ni moja nimepita haraka. Namba zenye h mwishoni ni za heksadesimali.

Intarapti ni nini hasa, na kwa nini nisiwe nakagua kifaa mwenyewe kwenye lupu?

Fikiria fundi cherehani yuko ndani anashona. Akiwa anainuka kila baada ya mishono miwili kwenda kuchungulia mlangoni kama kuna mteja, hiyo nguo haiishi leo wala kesho. Bora ashone, na mteja akifika apige hodi. Fundi anamalizia mshono alionao, anaweka alama alipofikia, anamsikiliza mteja, kisha anarudi palepale kana kwamba hajaondoka. Intarapti ni hiyo hodi, na CPU kweli inamaliza kwanza amri iliyokuwa inaitekeleza ndo inaitikia.

Kukagua kwa lupu bado kuna mahali pake, mi mwenyewe printa naikagua hivyo kwa sababu ni ya polepole na haipotezi chochote ukichelewa. Lakini kibodi, taima na poti ya seriali zinataka hodi.

Kuanzia kubonyeza kitufe mpaka hendla yangu (funksheni inayohudumia intarapti) kuanza, kunatokea nini katikati?

Hapa yupo bawabu, chipu inaitwa 8259A. IBM PC ya 1981 ilikuwa nayo moja yenye milango minane ya kuombea intarapti, IRQ0 mpaka IRQ7, na PC/AT ya 1984 ikaongeza ya pili iliyofungwa kwenye mlango wa IRQ2 wa ile ya kwanza, kwa hiyo jumla unapata mistari 15 ya kutumia. Kibodi inainua IRQ1, bawabu anaangalia kama mlango huo umezibwa na kama hakuna mkubwa zaidi anayehudumiwa, halafu anaigusa CPU. CPU ikiwa na bendera ya IF (inayoruhusu intarapti) imewashwa inajibu kwa mapigo mawili, na kwenye pigo la pili bawabu anaiwekea namba ya vekta kwenye njia ya data. Kwa kibodi ni 9.

CPU inasukuma bendera kwenye steki, inazima IF, inasukuma CS kisha IP (anwani ilipokuwa imefikia), baiti sita jumla, halafu inakwenda kwenye jedwali la vekta lililoko mwanzo kabisa wa memori. Jedwali lina nafasi 256, kila moja baiti nne zenye anwani ya hendla, ofseti kwanza halafu segimenti, kwa hiyo vekta ya 9 iko anwani 24h. Kwenye 8086 safari hii inakula saikoli 61 (mapigo ya saa ya CPU), na 8088 inakula zaidi maana njia yake ya data ni ya biti nane. Kwa 4.77 MHz hizo ni kama maikrosekunde 13 kabla hujaandika hata mstari wako mmoja. Kumbuka hiyo namba, tutairudia.

Ukibadilisha vekta funga intarapti kwanza, kwa sababu unaandika maneno mawili na hodi ikiingia katikati CPU itaruka kwenda mahali ambapo nusu ni pako na nusu ni pa BIOS (programu ya kiwandani iliyoko kwenye ROM).

Kibodi inapokea herufi moja tu halafu kimya kabisa. Nimekosea wapi?

Hili naulizwa kuliko yote na karibu kila mara hujamwambia bawabu kwamba umemaliza. Yeye akikuletea hodi anaandika kwenye rejista yake kwamba IRQ1 inahudumiwa, na hatakuletea tena IRQ1 wala yoyote iliyo chini yake mpaka umtumie 20h kwenye poti 20h. Kama intarapti imetoka kwa chipu ya pili, IRQ8 mpaka 15, unatuma 20h kwenye A0h na pia kwenye 20h, zote mbili.

Sababu ya pili inawapata wenye XT halisi (PC/XT, ndugu wa IBM PC mwenye 8088). Kwenye mashine hizo baada ya kusoma poti 60h, yenye namba ya kitufe, lazima uinue biti ya 7 ya poti 61h kisha uishushe, hapo ndo kibodi inajua umechukua. Kuanzia AT kuna chipu ya kibodi inayojisafisha yenyewe ukisoma 60h. Hendla yangu ya XT iko hivi:

```
kibodi: push ax
        push bx
        push ds
        push cs
        pop  ds
        in   al, 60h
        mov  bx, [mwisho]
        mov  [bafa+bx], al
        inc  bx
        and  bx, 31
        mov  [mwisho], bx
        in   al, 61h
        or   al, 80h
        out  61h, al
        and  al, 7Fh
        out  61h, al
        mov  al, 20h
        out  20h, al
        pop  ds
        pop  bx
        pop  ax
        iret
```

Bafa (memori ya kuhifadhia kwa muda) ni ya baiti 32, na hapa sijaonyesha ukaguzi wa bafa kujaa, uweke. Angalia pia kwamba siamini DS (segimenti ya data) niliyoikuta, naweka yangu, kwa sababu hodi inaweza kuingia wakati programu yoyote iko kazini na rejista zote ni za mwenyewe, sio zako. Ukitumia amri za mfululizo kama STOSB anza na CLD, huwezi kujua uliyemkatiza alikuwa anakwenda upande gani. Na unamalizia na IRET, sio RET, maana bendera nazo zinatakiwa zirudi.

Hendla ifanye kazi kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyotaka. Hapa ndo nina msimamo mkali, na ningeomba ukiacha yote usiache hili: chukua kile ambacho kifaa hakiwezi kukishikilia, kiweke kwenye bafa, mwage bawabu (yaani mtumie ile 20h ya kumaliza), ondoka. Kugeuza namba ya kitufe kuwa herufi, kuamsha programu iliyokuwa inasubiri, kuandika kwenye skrini, hayo yote kerneli itayafanya nje, intarapti zikiwa zimefunguliwa.

Tupige hesabu ili isionekane nasema tu. Poti ya seriali kwa 9600 inaleta herufi 960 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 1.04, na chipu ya zamani ya 8250 ina nafasi ya baiti moja tu, ikija ya pili hujachukua ya kwanza basi ya kwanza imekwenda. Milisekunde hiyo kwa 4.77 MHz ni karibu saikoli 5000, ni nyingi, unapumua. Sasa panda mpaka 115200, unapata saikoli 414 kwa herufi, na kuingia tu kumeshakula zaidi ya 60, bado kusukuma rejista, bado kusoma poti, bado kutoka na IRET, na hapo taima na kibodi nazo zina haki yao na ziko juu yako kwa cheo. Ndo maana 16550A yenye foleni ya baiti 16 ilipokuja watu waliibadilisha haraka hata kwenye mashine za zamani.

Minix ya Tanenbaum ya 1987 ililipeleka wazo hili mbali zaidi na mimi nalipenda sana: hendla inageuza intarapti kuwa ujumbe tu, inautuma kwa kazi inayosimamia kifaa hicho, na draiva inaishi kama kazi ya kawaida inayopokea ujumbe na kuufanyia kazi kwa utulivu.

CLI na STI niziweke wapi?

CLI ni amri ya kufunga intarapti na STI ya kuzifungua, na muda wa CLI uwe mfupi sana. Watu wakiona data inaharibika wanaweka CLI mwanzo wa kila funksheni na STI mwisho, na kweli uharibifu unaisha, halafu wanaanza kulalamika kwamba modemu inapoteza herufi.

Mimi lilinikuta kwenye kusogeza skrini juu mstari mmoja. Nilikuwa na kloni ya XT imeunganishwa kwa waya wa seriali na laptopu yangu, natuma faili la maandishi, na kila mstari ulipofika chini ya skrini mwanzo wa mstari unaofuata ulikuwa unakatika, herufi kama kumi hivi zinamezwa. Nikabadilisha waya, nikashuka spidi, nikalaumu chipu. Siku ya tatu ndo nikapiga hesabu: mistari 24 ya safu 80 ni maneno 1920, REP MOVSW (amri ya kunakili maneno ya baiti mbili mfululizo) kwenye 8088 inachukua saikoli 25 kwa neno, ni saikoli 48,000, yaani milisekunde 10 nzima, na nilikuwa nimeifungia ndani ya CLI. Milisekunde 10 kwa 9600 ni herufi kumi. Namba ilikuwa ileile niliyokuwa naiona kwenye skrini!

Nikatoa CLI na nikakutana na jingine. REP ndo amri inayoweza kukatizwa katikati, kati ya mzunguko na mzunguko, na 8086 na 8088 zina kasoro: ukiwa umeweka REP pamoja na kiambishi cha segimenti, ikirudi kutoka kwenye intarapti inakumbuka kiambishi cha mwisho tu, kingine kinapotea na kunakili kunaishia njiani. Dawa ni kuziweka DS na ES zote B800h (memori ya skrini) kabla ya kuanza ili usihitaji kiambishi hicho kabisa. 286 hawana tatizo hili.

Bafa ya kibodi ile ya juu haihitaji CLI kabisa upande wa msomaji, kama hendla peke yake ndo inagusa `mwisho` na kerneli peke yake ndo inagusa `mwanzo`. Kila mmoja anaandika chake, anasoma cha mwenzake, hawagombani.

Na kitu kidogo kizuri: STI haifungui mlango papo hapo, inasubiri amri moja ipite kwanza. Kwa hiyo kerneli ikikosa kazi, funga na CLI, angalia kama kuna kitu kwenye foleni, kama hamna andika STI kisha HLT (amri ya kuilaza CPU mpaka hodi ije) zikifuatana, na hakuna hodi itakayopenya katikati yake ikakuacha umelala wakati kazi imeshafika.

Kwa nini taima inapiga mara 18.2 kwa sekunde, na nikitaka 100 je?

Kristali ya saa ya mashine inatetemeka kwa 14.31818 MHz, namba iliyochaguliwa kwa sababu ni mara nne ya masafa ya rangi ya televisheni za NTSC za Marekani. Ukigawa kwa 3 unapata 4.77 ya CPU, ukigawa kwa 12 unapata 1.193182 MHz ya chipu ya taima, 8253. BIOS inaiacha igawe kwa 65,536, ambayo ndo kubwa kabisa inayowezekana, inatoka 18.2, pigo moja kila milisekunde 55 kasoro kidogo.

Ukitaka 100 gawa kwa 11,932: tuma 36h kwenye poti 43h, kisha 9Ch na 2Eh kwenye poti 40h, baiti ndogo ikitangulia.

Lakini angalia kabla hujaikata hendla ya BIOS moja kwa moja. Ile ya INT 8 (vekta ya taima) haihesabu saa tu, inapunguza pia kihesabio kilichoko 0040:0040 ambacho kikifika sifuri kinazima mota ya flopi. Nilipoikata mara ya kwanza sikujua hilo, nikasoma diski, kerneli ikawaka vizuri, ila diski ikawa inaunguruma tu bila kusimama na taa yake inawaka. Nilikaa naisikiliza kwa muda mrefu kabla sijaelewa kwamba hakuna aliyebaki wa kuizima. Kama bado unategemea BIOS kwa diski, kila pigo lako ongeza 11,932 kwenye neno la biti 16, likifurika ita hendla ya zamani, na hapo BIOS inapata 18.2 zake kama kawaida wakati wewe una 100 zako. Pigo hilo BIOS ndo itakayomwaga bawabu, usimwage mara mbili.

Nimeingia modi ya ulinzi (protected mode) kwenye 386 na mashine inajiwasha upya pigo la kwanza tu la taima.

Intel walihifadhi vekta 0 mpaka 31 kwa matumizi ya CPU yenyewe, IBM wakaweka IRQ0 mpaka 7 kwenye 8 mpaka 15 hata hivyo. Kwenye 8088 haikuumiza. Kwenye modi ya ulinzi vekta ya 8 ni kosa maradufu na ya 13 ni kosa la jumla la ulinzi, kwa hiyo taima inapopiga hendla yako inadhani dunia imekwisha. Zihamishe hizo IRQ. Linux ya 1991 ilizipeleka kwenye vekta 20h mpaka 2Fh na wengi tunafanya vilevile: 11h kwenye 20h na A0h, halafu 20h kwenye 21h na 28h kwenye A1h, halafu 04h kwenye 21h na 02h kwenye A1h, halafu 01h kwa zote mbili. Mwisho weka vizibo vyako. Kati ya kila hatua ipe chipu nafasi ya kupumua, bodi za zamani zinahitaji, ruka kwenda mstari unaofuata inatosha.

Usiziendeshe amri hizi kwenye XT. Pale hakuna bawabu wa pili, na poti A0h ni swichi ya NMI (intarapti isiyozibwa na CLI), kwa hiyo 11h yako inazima taarifa za kosa la memori bila wewe kujua. Kwenye XT bawabu ni mmoja na anaanzishwa na 13h, kisha vekta, kisha 09h.

IRQ7 inaingia na sina hata printa.

Ni hodi hewa. Mstari fulani uliinuka ukashuka kabla CPU haijajibu, bawabu anaulizwa nani alibisha na hana jina la kutaja, anataja 7. Kwenye chipu ya pili anataja 15. Tuma 0Bh kwenye 20h, usome 20h, kama biti ya 7 haijawaka basi ni hewa, rudi na IRET bila kumwaga. Ya 15 ikiwa hewa usimwage chipu ya pili ila mwage ya kwanza, maana yeye anaamini kweli IRQ2 ilibishwa.

Zikiwa nyingi tafuta kifaa kinachotoa mstari mchafu, au mahali ambapo unaziba IRQ wakati kifaa kinaongea.

Poti ya seriali inafanya kazi dakika chache halafu inakuwa kiziwi.

Hii inatokana na ubao wa ISA kusikiliza mwinuko wa mstari, sio mstari kuwa juu. 8250 inaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja, mfano herufi imefika na pia nafasi ya kutuma imepatikana, na inashikilia mstari juu mpaka zote ziishe. Ukihudumia moja ukatoka, mstari haujawahi kushuka, haushuki, hautainuka tena, na bawabu anasubiri mwinuko ambao hautakuja milele. Zunguka: soma 3FAh kwa COM1, hudumia kinachotajwa, soma tena, mpaka biti ya 0 iwe 1 ndo utoke.

Kama haijafanya kazi hata mara moja, angalia biti ya 3 ya 3FCh. IBM waliitumia kama lango la kupitisha intarapti kwenda nje na ikiwa sifuri hakuna kitakachotoka. Sababu hiyohiyo ya mwinuko ndo inafanya kadi mbili kwenye IRQ moja ziharibiane.

Saa ya CMOS, IRQ8, inapiga mara moja tu.

Soma rejista C kila mara: tuma 0Ch kwenye 70h, soma 71h, hata kama huhitaji jibu.

Kwenye emuleta kila kitu safi, kwenye mashine halisi inagoma.

Emuleta kama QEMU haina haraka ya kukuadhibu. Chipu zake zinajibu papo hapo kwa hiyo kukosa kupumua hakuonekani, kibodi yake ni ya AT kwa hiyo ukisahau 61h inakusamehe, na REP yake haina ile kasoro ya 8088. Jaribu pia kwenye 86Box au PCem ambazo zinajitahidi kufuata mwendo wa mashine yenyewe, lakini neno la mwisho analo chuma.

Na 8088 za mwanzo kabisa zina jingine: ukiandika SS kisha SP, zinaruhusu intarapti kuingia katikati, na steki ikiwa nusu ya zamani nusu mpya hizo baiti sita zinatua popote. Zungushia CLI hapo na usiogope, ni amri mbili tu.

Mashine nyingine za zamani nazo ziko hivi?

Wazo ni moja, milango tofauti. Commodore 64 haina bawabu wa kugawa vekta, IRQ zote zinaingia sehemu moja na wewe ndo unauliza nani kabisha, na usiposoma DC0Dh hodi ya taima haishuki. Z80 ikiwa modi 1 inaruka 38h, ndo inavyofanya ZX Spectrum mara 50 kwa sekunde. 68000 ya Amiga ina ngazi saba. PDP-11 nayo ina ngazi za cheo ndani ya CPU na kila kifaa kinakuja na vekta yake mwenyewe, na Unix ilikulia hapo, ikawa inapandisha ngazi badala ya kufunga kila kitu. Ukishazoea hiyo, CLI ya PC inaonekana kama kufunga soko zima kwa sababu ya duka moja.

Nina wikiendi moja tu, nianze na nini?

Taima. Ziba zote isipokuwa IRQ0 kwa kutuma FEh kwenye 21h, weka anwani ya hendla yako kwenye jedwali la vekta, nafasi iliyoko anwani 20h, na ndani yake ongeza moja kwenye baiti iliyoko B800:0000, mwage bawabu, IRET. Kwenye lupu kuu weka HLT na kuruka nyuma, basi. Ukiona herufi ya kona ya juu kushoto inabadilikabadilika wakati programu yako haifanyi chochote, hapo mlango umeshafunguka. Tuma FCh kwenye 21h, weka ile hendla ya kibodi kwenye 24h, na bonyeza A: utakuta 1Eh kwenye bafa, na ukiachia kidole inafuata 9Eh.